ZABUNI ZINA WENYEWE, NA WENYEWE NI SISI



Nashika kalamu kwa jambo ambalo husemwa barazani kila baada ya sala ya isha, na kila siku huishia palepale lilipoanzia. Jambo lenyewe ni zabuni za serikali: mchele wa dahalia za skuli, mikate ya wagonjwa, sabuni, karatasi, madawati, saruji, sare, na matengenezo ya mapaa yanayovuja. Mmoja husema, "Zile zina wenyewe." Wa pili huitikia, "Zina wenyewe tangu hapo." Wa tatu hunywa kahawa yake, akageuza mazungumzo kwenye mpira. Na asubuhi yake hao wenyewe huamka wakaenda wakazichukua, bila ya mshindani, bila ya jasho na bila ya haya.

Mimi nasema leo, na atakayekasirika na akasirike: maneno yale matatu yamewafaa wala rushwa kuliko ulinzi wowote waliowahi kununua. Serikali inayo dhambi yake katika jambo hili, nami nitaitaja bila ya kumung'unya maneno. Lakini sisi wafanyabiashara wa chama hiki tunayo yetu pia, nayo ni kuiacha haki yetu ilale mpaka ioze, kisha tukailalamikia harufu.

KUSUSIA NI SILAHA, LAKINI SI YA KILA VITA

Atainuka mtu aseme, "Sisi hatuombi zabuni kwa sababu kuomba ni kuupa uhalali mchezo mchafu. Sisi tumesusia." Namjibu kwa heshima. Upinzani wa visiwa hivi unajua kususia. Uchaguzi wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016 ulisusiwa na chama kikuu cha upinzani cha wakati ule, na hoja zake zilitolewa mbele ya ulimwengu. Sina haja ya kuzirejea. Ila kila silaha ina mahali pake, na anayechinjia kuku kwa shoka hupoteza kuku na shoka.

Tazameni khabari ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilitoa amri iliyoipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyoundwa mwaka 1927, haki ya peke yake ya kununua karafuu kwa mkulima. Wafanyabiashara wa Kihindi, ambao walikuwa wakiifanya biashara hiyo kwa miaka mingi, wakajikuta nje ya mlango. Wakaisusia karafuu, na Bara Hindi, lililokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa karafuu ya Zanzibar, likawaunga mkono kwa kukataa kuinunua. Mwaka 1938 serikali ikalazimika kukaa nao kitako na kusuluhishana. Walifaulu kwa nini? Kwa kuwa walichokizuia ndicho serikali ilichokuwa ikikihitaji, yaani mnunuzi na fedha yake.

Je, sisi tunapoisusia zabuni ya mchele, tunamzuilia nani na tunamzuilia nini? Ofisi inataka mchele, na mchele itaupata kwa yule yule wa mwaka jana, kwa bei atakayoitaka yeye, kwa kuwa hakuna bei nyingine mezani ya kulinganishwa na yake. Mtoto wa dahalia atakula mchele uliochanganyika na chenga na vumbi, na mlipa kodi ataulipia kama mchele wa harusi. Anayesusia soko ambalo linaweza kwenda bila ya yeye hakususia, amejifukuza. Wahenga walikwisha sema kwamba asiyekuwepo na lake halipo.

FEDHA HII NI AMANA

Fedha ya zabuni si ya waziri, si ya katibu mkuu, wala si ya chama kinachotawala. Ni ushuru wa kontena bandarini, ni ada anayotozwa muuza urojo, ni leseni ya mvuvi na ya mwenye gari ya abiria, na nyingine ni mkopo ambao watoto wetu watakuja kuulipa sisi tukiwa chini ya udongo. Mtu aliyewekwa kuitumia fedha hiyo ni mwekwa amana, na mwekwa amana hana zawadi.

Waliosoma chuoni wanaikumbuka khabari ya yule aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka, akarejea na mafungu mawili: moja akalitoa kuwa la umma, na la pili akasema amezawadiwa yeye. Mtume alisimama juu ya mimbari akauliza mbele ya watu kama zawadi ile ingemfuata mtu huyo lau angelikaa nyumbani kwa wazazi wake. Swali hilo moja linatosha kuwa mizani ya kila afisa wa manunuzi. Hiyo gari, hicho kiwanja, hiyo safari ya nje: lau ungelikuwa unauza mbatata sokoni, vingelikufuata?

Wala sheria ya nchi haikunyamaza. Baraza la Wawakilishi lilitunga Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma, Namba 11 ya mwaka 2016, badala ya ile ya mwaka 2005, na likaiwekea mamlaka ya kuisimamia. Ndani yake mna ushindani, mna usawa baina ya waombaji, na mna mlango wa malalamiko kwa aliyedhulumiwa. Nimekaa nayo nikaisoma, mimi ambaye elimu yangu kubwa ni ya chuoni. Wangapi kati yetu, waliopita skuli na vyuo vikuu, wameifungua?

NILIVYOJIDANGANYA MWENYEWE

Sitaki kuwalaumu wenzangu kabla ya kujilaumu. Miaka kadhaa iliyopita niliomba zabuni ya kupeleka vyakula vikavu katika taasisi moja ya umma. Bei zangu nilizipima kwa wiki nzima, mpaka gharama ya magunia nikaihesabu. Nikashindwa. Nikatoka mitaani nikatangaza kwamba nimenyimwa kwa sababu ya kadi yangu. Watu wakaniamini; wakanipa pole kama mfiwa, na mimi pole ile nikaipokea, na kwa kusema kweli ilikuwa tamu.

Mzee mmoja wa chama, aliyestaafu ukarani wa mahesabu, akaniuliza, "Umeandika barua kuuliza sababu?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, sababu si inajulikana?"

Akasema, "Mwanangu, inayojulikana haina muhuri. Kaitake yenye muhuri."

Nikaandika ili kumridhisha tu. Jawabu ikaja, mistari minne. Hati yangu ya kutodaiwa kodi ilikuwa imekwisha muda wake siku kumi na moja kabla ya zabuni kufunguliwa, na ukurasa wa pili wa jaduali ya bei sikuutia saini. Zabuni yangu ilitupwa nje kabla ya bei zangu kulinganishwa na za mtu yeyote. Nilikaa na barua ile dukani mpaka adhuhuri, wateja wakiingia na kutoka nami sijui nawauzia nini. Nilikuwa nimewaambia watu mia kwamba nimedhulumiwa, wala sikumwambia hata mmoja kwamba nilisahau saini, kwa kuwa hata mimi nilikuwa sijui. Leo nawaambia nyote, ili deni hilo lilipwe.

Sisemi kwamba kadi haina lake. Wapo ndugu zetu waliotimiza kila karatasi, waliotoa bei njema kuliko wote, na bado wakaangushwa bila ya sababu yenye uso wa kuonekana. Hao ndio wenye kesi. Na mimi kwa kelele zangu nilikuwa nikiwaharibia kesi yao, kwani ofisi ikisikia kumi tunalia na tisa katika sisi tumekosea wenyewe, wa kumi hata akiwa na haki ataambiwa ni wale wale. Ndiyo maana nasema: anayetaka kuishitaki dhulma lazima kwanza awe hana pa kukamatwa.

NAMNA YA KUINGIA

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi tuiname, tena pamoja.

Kwanza ni karatasi. Usajili wa biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Leseni iliyo hai. Namba ya mlipa kodi. Hati ya kutodaiwa kodi. Na kwa mwenye wafanyakazi, ushahidi wa michango yao ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Muuza chakula aongeze vibali vya wanaohusika na usalama wa chakula. Vyote vikae ndani ya jalada moja, na juu ya jalada ziandikwe kwa wino mwekundu tarehe za kumalizika kila kimoja. Mimi nimeponzwa na siku kumi na moja, asiponzwe mwengine.

Pili ni wakati. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na taasisi ya umma hutakiwa iwe na mpango wa manunuzi yake ya mwaka mzima. Kwa hiyo anayesubiri mpaka tangazo litoke amekwisha chelewa. Uliza mpango mapema: watanunua nini, kiasi gani, robo ipi ya mwaka. Siku hizi umewekwa pia mfumo wa manunuzi kwa njia ya mtandao uitwao e-ProZ, ambao humo mtu hujisajili na kuziona zabuni. Asiyejua kuutumia asione aibu kumkalisha mwanawe karibu. Binti yangu aliyemaliza kidato cha nne ndiye karani wangu katika jambo hilo, na hakosei saini.

Tatu ni kusoma. Waraka wa zabuni usomwe mara tatu: mara ya mwanzo ujue wanataka nini, mara ya pili ujue watakupimaje, mara ya tatu uyatafute yale ambayo ukiyakosa unatupwa nje. Kisha jibu kwa mpangilio wao, si kwa mpangilio wako. Wakitaka nakala mbili, wape mbili. Wakitaka dhamana ya zabuni kutoka benki, usiwapeleke barua ya sheha. Na pale usipofahamu, uliza kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho, kwa kuwa swali lililoandikwa hubaki katika faili na hulazimu jawabu.

Nne ni bei. Wako kati yetu wanaodhani kwamba siri yote ni kuwa wa chini kabisa. Huyo hushinda kwa hasara, kisha akaifidia hasara yake katika kipimo: kilo hamsini zikawa arubaini na saba. Ndugu yangu, Sura nzima ya Mutwaffifin imeteremshwa juu ya watu wa namna hiyo. Usiingie humo kwa ajili ya magunia. Hesabu ununuzi, uchukuzi, nauli ya chombo baina ya Unguja na Pemba, upotevu wa njiani, kodi, na muda wa kungojea malipo. Juu ya hapo weka faida ya halali. Bei yenye hesabu nyuma yake unaweza kuitetea mbele ya kamati yoyote.

Tano, anzeni na dogo. Taasisi hununua pia vitu vidogo kwa kuomba bei kutoka kwa wafanyabiashara wachache, bila ya tangazo kubwa. Jiandikishe ili uwe miongoni mwa wanaoulizwa. Peleka mzigo siku uliyoahidi, chukua hati ya kupokelewa iliyotiwa saini na tarehe, na mwisho wa mkataba omba barua ya kuthibitisha kwamba ulitimiza. Barua tatu za namna hiyo ndizo zitakazokuwa tajriba yako siku utakapoiomba zabuni kubwa.

Sita, shirikianeni. Tani kumi za mchele ni nyingi kwa duka moja, lakini kwa maduka matatu si nyingi. Sheria zinautambua ubia, na dini ilitufundisha shirika kabla ya sheria hizo. Ila andikeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, iliyomo katika Sura ya Baqara, ni ya kuamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Na sisi tunaoisoma kila Ramadhani bado tunakopeshana milioni kwa kupeana mikono tu. Nani katoa mtaji, nani atachukua mzigo, faida inagawiwaje, hasara ni ya nani: yote yawe katika karatasi kabla ya gunia la kwanza.

Saba, hudhurieni ufunguzi. Zabuni zinapofunguliwa waombaji wana haki ya kuwepo, na bei husomwa kwa sauti. Nenda na daftari. Andika jina la kila mwombaji na bei yake. Daftari hilo likiwa mkononi mwako, bei iliyosomwa asubuhi haitabadilika usiku.

Nane, ukishindwa, taka sababu kwa maandishi, na ukiona umedhulumiwa lalamika ndani ya siku zilizowekwa. Malalamiko ya barazani hayana tarehe. Ya sheria yanayo, na ikipita imepita.

HILA ZAO NA NAMNA YA KUZIJUA

Nimesema nitaitaja dhambi ya upande wa pili, na sasa naitaja.

Iko hila ya kanzu. Fundi humpima mtu mmoja, akaishona kanzu kwa urefu wake na mapana yake, kisha ikatangazwa kwamba mashindano ni ya watu wote, na mshindi ni yule itakayemkaa. Ukiona waraka wa zabuni umetaja chapa moja ya bidhaa bila ya kuongeza maneno "au iliyo sawa nayo", au umetaka tajriba ya miaka kumi kwa kazi ya kupeleka mifagio, jua kwamba kanzu imekwisha shonwa. Akina mama wa vijiji vya pwani, ambako ukulima wa mwani ulianza mwaka 1989, hutengeneza sabuni nzuri ya mwani. Ikiwa waraka umetaja jina la sabuni ya kiwandani ya ng'ambo, sabuni yao itaingilia mlango gani?

Iko hila ya kukata samaki vipande. Ununuzi mkubwa unaostahiki kutangazwa kwa wote hugawiwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kikawa chini ya kiwango cha kutangazwa, kisha vipande vyote vikaingia kikapuni kwa mtu mmoja.

Iko hila ya dharura. Skuli hufunguliwa kila mwaka kwa tarehe inayojulikana. Mvua za masika huja kila mwaka. Ramadhani iko katika kalenda. Lakini ofisi husubiri mpaka wiki ya mwisho, kisha ikapiga kelele kwamba kuna dharura na hapana wakati wa ushindani. Dharura inayorudi kila mwaka kwa miadi ni mpango uliovishwa nguo za dharura.

Na iko hila kubwa, ile ya asilimia kumi. Haiandikwi popote. Husemwa na mtu wa kati, kwa upole, penye chai: "Mzee, na sisi utukumbuke." Niliwahi kuambiwa maneno hayo. Nikamjibu kwamba kumi hiyo nitaitoa wapi, katika faida yangu au katika sahani ya mtoto wa skuli? Akacheka, akasema kwamba nitajua mwenyewe pa kuipata. Mkataba ule sikuupata, na usiku ule nililala vizuri. Ndugu zangu, anayelipa asilimia kumi hashindi zabuni. Amejiuza, na mwaka ujao bei yake itapanda mpaka kumi na tano. Mlango wa kupeleka khabari hizi ni Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi. Mnaweza kuwa na shaka nayo. Ipelekeeni hata hivyo, kwa maandishi na kwa tarehe, na nakala iwekwe ofisi ya chama. Mlango usiobishwa hodi hauwezi kulaumiwa kwamba haukufunguliwa.

DENI LINALOUA

Mwisho wa yote liko jambo ambalo mimi naliona ni dhulma kubwa kuliko hila zote nne, kwa sababu hufanywa mchana na hakuna anayelionea haya. Nalo ni kutolipa.

Baada ya somo la barua ya mistari minne niliomba tena, katika ofisi nyengine, na nikashinda. Nilifurahi mno. Mzigo wenyewe niliuchukua mali kauli kwa tajiri wa jumla, kwa kuwa mkopo wa riba siugusi, na tukaandikiana siku thelathini. Tuchukulie kwa mfano magunia mia mbili, kila gunia shilingi 120,000: hizo ni shilingi 24,000,000. Faida yangu tuifanye shilingi 5,000 kwa gunia, yaani shilingi 1,000,000 kwa mzigo wote. Niliwasilisha ankara siku ya pili yake. Siku ya thelathini tajiri akaja. Ofisi ikasema fedha haijaingia. Siku ya sitini tajiri akaja tena, safari hii bila ya salamu ndefu. Ofisi ikasema mhasibu yuko safarini. Nikauza pikipiki, nikauza vipande vya dhahabu vya mke wangu kwa ridhaa yake, Mungu amjaze kheri, na rafu za duka zikabaki na kiberiti na chumvi. Nililipwa mwezi wa saba. Ile milioni ya faida ilikuwa imekwisha kuliwa zamani, na ziada yake.

Fahamuni maana yake. Ofisi inapochelewesha malipo kwa miezi saba, huwa imemkopa mwenye duka bila ya idhini yake, tena bila ya kumwambia. Anayeweza kustahimili mkopo huo ni nani? Ni tajiri mwenye akiba ya mwaka mzima, au mwenye jamaa ndani ya ofisi atakayelivuta faili lake kutoka chini na kuliweka juu. Mdogo hufa, na wakubwa hubaki peke yao sokoni. Na hao waliobaki si wajinga: huiongeza gharama ya kungojea katika bei yao ya mwaka ujao. Hivyo serikali inayojidai kubana matumizi hununua kila kitu kwa bei ya mdaiwa mbaya. Hata bila ya mtu kula rushwa ya senti moja, ucheleweshaji huo peke yake unatosha kuwafungia wadogo nje na kumpandishia gharama mlipa kodi.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo naiomba kamati ya chama iyachukue matakwa haya matano, iyapeleke kwa wawakilishi wetu na iyaseme katika kila mkutano.

1. Matokeo ya kila zabuni yatangazwe: walioomba, bei zao, aliyeshinda, na sababu.

2. Kila ofisi iwe na muda wa kulipa uliowekwa, na orodha ya wanaodaiwa na umma ibandikwe wazi kila robo ya mwaka, ili ijulikane nani kalipwa na nani kawekwa chini ya faili.

3. Manunuzi makubwa ya vyakula na vifaa yagawiwe mafungu kwa wilaya, kwa tangazo la wazi, ili duka la Wete au la Makunduchi liweze kushindana.

4. Litengwe fungu la kweli kwa wadogo. Kenya tangu mwaka 2013 imewawekea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya manunuzi ya serikali, na Tanzania Bara nako sheria imeweka fungu kama hilo. Lakini tujifunze na uchungu wa Kenya pia, ambako wazabuni wengi wa kaunti wamefilisika wakingoja malipo. Fungu bila ya kulipwa kwa wakati ni mtego wenye asali.

5. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ifuatwe na hatua, na aliyetajwa humo aulizwe hadharani. Ripoti inayosomwa kisha ikafungiwa kabatini ni chakula cha mchwa.

Na kwa upande wetu, kila tawi liteue watu wawili wenye kusoma na kuandika vizuri, wakae na wafanyabiashara wetu kila mwezi Juni, wakague majalada, watazame tarehe, na wafundishe. Hilo halihitaji ruhusa ya serikali, wala halihitaji tungoje uchaguzi.

NENO LA MWISHO

Nimeandika juu kabisa kwamba zabuni zina wenyewe na wenyewe ni sisi. Labda wako waliotabasamu, wakadhani nakusudia sisi wenye kadi ya chama hiki. Hao nawajibu kabla ya kuweka kalamu chini. "Sisi" niliyoikusudia ni mlipa kodi wa Kojani na wa Kizimkazi, wa kadi hii na wa kadi ile na asiye na kadi kabisa. Na siku Mwenyezi Mungu akitujaalia tukaishika serikali, mtu wa chama chetu akaja na bei mbaya na mchele mbovu, huku mtu wa chama cha pili kaja na bei njema na mchele safi, basi mtihani wetu utakuwa siku hiyo. Tukimpa wa kwetu, yote niliyoyaandika leo yatakuwa ni wivu wa mwenye njaa, wala hayatakuwa haki.

Basi tuanze kuuzoea mtihani huo tangu sasa: kwa jalada lililotimia, kwa bei yenye hesabu, kwa gunia lenye kilo zake hamsini. Tuingie mlangoni tukiwa safi, na atakayetutoa atutoe kwa maandishi.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi,
Mwanachama Mwenye Duka